Vinkristini: Dawa ya Mshipani Pekee, na Uangalizi wa Mgonjwa Anaporejea Nyumbani

Utangulizi

Madibira, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, hujulikana kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji. Mkazi wa huko anayeugua saratani hulazimika kusafiri hadi hospitali kubwa, pengine hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ili apate tibakemikali. Sindano yenyewe huchukua dakika chache. Madhara yake, hata hivyo, huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari amerejea kwao, na mtu wa kwanza kuyaona huwa ni ndugu yake au mhudumu wa zahanati ya kijiji. Kwa sababu hiyo, usalama wa vinkristini hauishii wodini.

Asili na matumizi

Vinkristini hutokana na Catharanthus roseus, mmea wenye asili ya Madagaska ambao hupandwa kama ua katika nyua nyingi. Iliidhinishwa kutumika nchini Marekani mwaka 1963. Afrika Mashariki imeitumia kwa miongo mingi, hasa kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Hutibu pia saratani ya damu kwa watoto, uvimbe wa Wilms wa figo na sarkoma ya Kaposi.

Dawa hii huharibu nyuzi ndogo ambazo seli huzitumia inapogawanyika. Seli ya saratani ikikosa nyuzi hizo hufa. Lakini neva nazo hutumia nyuzi kama hizo kusafirisha mahitaji yake, na hapo ndipo madhara makuu ya dawa hii yanapoanzia.

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 1.4 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na kwa kawaida dozi moja haizidi miligramu 2. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa ini hupimwa ini kwanza, kwa kuwa huenda dozi ikahitaji kupunguzwa.

Njia moja tu

Vinkristini hutolewa kwenye mshipa wa vena pekee. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huunguza mfumo wa neva, na karibu kila mara mgonjwa hufariki. Kosa hili hutokea kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mtoto mwenye limfoma ya Burkitt huweza kupangiwa, ndani ya siku hiyohiyo, vinkristini ya mshipani na methotrekseti ya uti wa mgongo. Mabomba mawili ya sindano yakiwa kwenye sinia moja, mkono uliochoka huweza kuchukua lisilo lake.

Mwezi Julai 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba dawa hii iyeyushwe katika mfuko mdogo wa dripu, isiandaliwe katika bomba la sindano. Mfuko wa dripu hauwezi kufungwa kwa bahati mbaya kwenye sindano ya uti wa mgongo. Aidha, inashauriwa dawa hizo mbili zitolewe kwa nyakati tofauti na mahali tofauti, na wahudumu wawili wasome kwa sauti jina la mgonjwa, jina la dawa, kipimo na njia kabla ya kuanza.

Dawa ikivuja nje ya mshipa

Vinkristini huunguza nyama. Mgonjwa akilalamika kuwa panawaka, au ngozi ikivimba karibu na kanula, dawa isimamishwe mara moja. Kanula isitolewe kabla ya kujaribu kuvuta dawa iliyobaki. Kisha mkono uinuliwe na pakandwe kwa kitambaa chenye joto la wastani. Barafu haifai kwa dawa hii, ingawa hutumika kwa baadhi ya dawa nyingine za saratani.

Dalili za kuangaliwa zahanatini

Ganzi na kuchomachoma kwa vidole, maumivu ya taya, sauti kukwaruza, na mguu kuburuzika wakati wa kutembea ni dalili za neva kuathirika. Mgonjwa asiyeweza kufunga vifungo vya shati au kupanda ngazi apewe rufaa kabla ya sindano inayofuata.

Kufunga choo ni dalili inayodharauliwa mno. Neva za utumbo zikilegea, utumbo husimama. Dawa ya kulainisha choo ianze mapema. Tumbo likijaa, mgonjwa akatapika na asipate choo wala kutoa upepo, hiyo ni dharura. Homa ya nyuzi 38 au zaidi nayo ni dharura, hasa vinkristini inapotolewa pamoja na dawa nyingine zinazoshusha chembe nyeupe za damu.

Kabla ya kumwandikia mgonjwa dawa ya fangasi, mhudumu aulize kama anapata vinkristini. Itrakonazoli huongeza sumu yake mwilini. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza VVU, nayo huweza kufanya hivyo. Mgonjwa asiache dawa za VVU kwa hiari yake. Daktari ndiye apange upya tiba.

Kwa mgonjwa na familia

Mgonjwa atembee na karatasi yenye jina la dawa, tarehe na kipimo cha sindano ya mwisho, pamoja na namba ya simu ya wodi. Anayehudumia kinyesi, mkojo au matapishi avae glavu kwa angalau siku 2 na kunawa kwa sabuni. Majani ya ua lililotajwa yasichemshwe wala kunywewa: kiasi cha sumu iliyomo hakipimiki jikoni. Na ganzi isifichwe kwa hofu ya kusimamishiwa tiba. Ikitajwa mapema, mara nyingi daktari hupunguza dozi na tiba ikaendelea. Ikifichwa, mguu huweza kulemaa kwa muda mrefu.