Uso ukipooza ghafla, una siku tatu

Umeamka asubuhi, ukasukutua, na maji yakakuchuruzika pembeni mwa mdomo. Kwenye kioo waona upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifumbi na mdomo umepinda. Wapo watakaokwambia ni upepo wa dirishani, na wapo watakaosema umerogwa. Usikae nao sana.

Jaribu kuinua nyusi. Aliyepatwa na kiharusi kwa kawaida bado huweza kukunja kipaji cha uso, na mara nyingi mkono huwa dhaifu au ulimi mzito. Huyo akimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo. Kipaji cha upande huo kikikataa kukunjika, huenda ni neva ya uso yenyewe iliyopooza, maradhi yanayoitwa kwa jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Scotland. Hata hivyo, kuamua ni kazi ya daktari, si ya kioo.

Neva hii hupita katika kijia chembamba cha mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba hukosa nafasi, ikabanwa. Dawa ya kupunguza uvimbe huo ni prednisoloni, nayo yafaa ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Katika utafiti uliofanywa Scotland na kuchapishwa mwaka 2007, wagonjwa walimeza miligramu 25 mara mbili kwa siku, kwa siku 10. Baada ya miezi tisa, takriban 94 katika kila 100 walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya 82 miongoni mwa wasioipata. Utaona kwamba wengi hupona hata bila dawa, na hapo ndipo waganga na wauza mafuta ya kuchua hupatia sifa zao.

Vipi asikloviri, dawa ya kupambana na virusi? Ni ghali kwa wengi, na katika utafiti huo haikuleta nafuu. Lakini ukiwa na malengelenge sikioni na maumivu makali, mambo hubadilika: hivyo ni virusi vya tetekuwanga vilivyoamka tena, na dawa zote mbili huhitajika.

Usijinunulie prednisoloni dukani. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huchokoza vidonda vya tumbo. Mweleze daktari pia kama una mimba au umewahi kuugua kifua kikuu. Akitaka upimwe sukari na virusi vya Ukimwi, usikasirike. Vyote huweza kuambatana na kupooza huku.

Jicho lisilofumba ndilo hatari kubwa, kwani hukauka na kupata kidonda. Mchana tia matone ya machozi ya bandia. Usiku paka malhamu ya macho, kisha lifunge kope kwa plasta laini. Likianza kuuma, kuwa jekundu au kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.