Vitafunwa vya Pasaka Bila Oveni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Anayeoka keki husaidiwa na moto. Yai lenye vijidudu, maziwa yasiyochemshwa vizuri, kidole kilichosahau kunawa, vyote hupita kwenye joto kali kabla ya kumfikia mlaji. Anayetengeneza vitafunwa vya biskuti na chokoleti bila kuoka hana msaada huo. Kinachoingia kibichi kitaliwa kibichi. Kwa hiyo kazi hii, ambayo walimu wa watoto makanisani na akina mama wengi wa Kasulu na Kibondo huiona nyepesi kwa kuwa haihitaji oveni, ina masharti makali kuliko keki. Wanaokula ni watoto, tena wengi kwa pamoja, tena siku moja. Ukikosea, umekosea kwa wote.

Mikono na maji

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono yake halitoshi, hata kama maji yake yalikuwa safi asubuhi. Kata kucha, vua pete, funga nywele.

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na katika nyanda za juu za Kigoma huo ni wakati wa mvua. Visima na vijito hupokea kila kilichosombwa na maji kutoka mlimani. Mkoa wetu haujasahau kipindupindu cha Mei 2015 kule Kagunga, ufukweni mwa ziwa, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamejazana kwa makumi ya maelfu. Maji ya kuoshea vyombo vya kazi hii yawe yamechemshwa. Anayeharisha, anayetapika au mwenye kidonda mkononi asiguse chochote, hata akiwa ndiye fundi wenu mkuu. Akae pembeni aelekeze kwa mdomo.

Usitumie yai bichi. Yako mapishi yanayotaka ute wa yai uliochapwa ili mchanganyiko uwe mwepesi, yaache. Usitumie maziwa mabichi ya ng'ombe, hata yametoka kwa jirani unayemwamini, kwa sababu bruselosi haionekani kwa macho wala haimjui jirani mwema. Yachemshe hadi yafure, au tumia maziwa ya unga.

Kununua

Chagua biskuti kavu za kawaida, zile za gilukosi au za chai. Zenye krimu katikati zina mafuta yake na sukari yake, zitakuvurugia vipimo. Pakiti iwe haijafunguliwa, ina alama ya TBS, na tarehe yake haijapita. Muuzaji akikwambia tarehe haina maana kwa kitu kikavu, mrudishie.

Kwenye chokoleti soma maandishi madogo ya nyuma. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, mafuta yanayotoka kwenye mbegu ya kakao yenyewe, kama ile inayolimwa Kyela. Nyingine nyingi za bei nafuu zimewekewa mafuta ya mimea badala yake, mara nyingi ya kokwa za michikichi, mti ambao mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Hizo si haramu, na kwa kazi hii zina faida: huganda kwa urahisi bila ufundi mwingi. Ila zijue, kwa sababu haziyeyushwi kwa uangalifu ule ule. Wala usije ukadhani kwamba kwa kuwa mafuta ya michikichi yanafaa, basi mawese mekundu ya jikoni yanafaa. Hayafai. Rangi na harufu yake vitaitawala chokoleti yote.

Usinunue unga wa kinywaji uliokwisha kuchanganywa na sukari na maziwa ukadhani ni kakao. Kakao ni chungu. Onja, ikiwa tamu, si yenyewe.

Chokoleti yenye ukungu mweupe juu usiitupe haraka. Imesafiri kutoka Dar es Salaam ndani ya lori, ikayeyuka njiani na kuganda tena, na mafuta yake yamepanda juu. Ukiiyeyusha inarudi katika hali yake. Lakini weupe wenye manyoya au harufu ya uvundo ni kuvu, hiyo tupa.

Kuyeyusha

Hapa ndipo chokoleti nyingi huharibikia, na chokoleti ni ghali.

Usiweke sufuria ya chokoleti moja kwa moja juu ya mkaa. Kamwe. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini ya joto la mwili wako; jiko la mkaa lina mamia. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, itoe motoni, kisha weka juu yake bakuli la bati au la kioo nene, chini yake pasiguse maji. Mvuke ndio uyeyushe.

Kausha bakuli, kisu na mwiko kwa kitambaa safi hadi visiwe na hata tone. Tone moja la maji huifanya chokoleti iliyoyeyuka kugeuka ghafla kuwa bonge gumu lenye chengachenga. Likitokea hilo, usikoroge kwa hasira na usiongeze moto. Ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja hadi ilainike tena. Haitaganda ikawa gamba linalong'aa, lakini itafaa kuchanganywa na biskuti au kumwagiwa juu ya ndizi mbivu. Usiifunike ikiwa ya moto, maana mfuniko hutoa jasho, na jasho hilo litadondoka ndani.

Kwa chokoleti halisi, yeyusha theluthi mbili kwanza. Toa bakuli kwenye mvuke, tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa, koroga taratibu hadi yote iyeyuke kwa joto lililomo. Chovya ncha ya kisu, iweke kando. Ikiganda baada ya dakika chache na kung'aa, endelea. Ikibaki na michirizi ya kijivu, koroga bado. Watu huruka hatua hii kwa haraka, kisha Jumapili wanashangaa vitafunwa vimefifia na vinanata vidoleni.

Kuchanganya

Vipimo vya viota 12 vidogo: biskuti gramu 200, chokoleti gramu 150, siagi ya mkebe gramu 75, asali vijiko viwili vya chakula. Usizidishe asali. Asali ya Kibondo ina ladha nzito ya misitu ya miombo, kidogo inatosha. Tena asali huvuta unyevu wa hewa, na ikizidi mchanganyiko hautashikamana wakati wa mvua.

Ponda biskuti ndani ya kitambaa safi kwa mti wa kusukumia chapati. Zisiwe unga, ziwe vipande vya ukubwa wa maharage na vidogo kuliko hapo. Usitumie kinu kilichotwanga kitunguu saumu au kisamvu. Hakuna sabuni itakayoiondoa harufu hiyo kwenye mti.

Maumbo

Kiota ndicho rahisi. Finyanga mchanganyiko, bonyeza katikati kwa kijiko, tia ndani karanga za mayai tatu, zile zilizovikwa unga na sukari zinazouzwa kwenye vifuko dukani na stendi. Zina umbo la yai tayari. Usizipake rangi ya maji, itachuruzika na kulowesha kiota. Huko Ulaya yai liliingia kwenye Pasaka kwa sababu Wakristo wa zamani walikatazwa mayai wakati wa Kwaresima, yakarundikana hadi sikukuu; yai la chokoleti lilikuja baadaye sana, na kampuni ya Fry ya Bristol ilianza kuyatengeneza Uingereza mwaka 1873. Kwa hiyo usijione umepungukiwa kwa kukosa yai kubwa la dukani lenye karatasi ya kung'aa.

Mwanakondoo ndiye ninayempenda kuliko wote. Changanya biskuti zilizopondwa na siagi ya karanga, viringisha tonge, lipake chokoleti, kisha libandike bisi kuzunguka pande zote ziwe manyoya. Nusu ya biskuti ndogo ni uso. Kabla ya kubandika, chambua bisi moja moja na uondoe punje zisizopasuka, maana zinavunja meno. Sungura wa Pasaka, aliyetoka katika desturi za Wajerumani, simkatazi, lakini sioni kwa nini mtoto wa Kasulu afundishwe sungura kabla ya Mwanakondoo.

Kaburi lililo wazi linawafaa walimu wa Shule ya Jumapili: kilima cha mchanganyiko, tundu lililochimbwa kwa kijiko, na biskuti ya mviringo kando yake. Kando, nasema. Usilifunike tundu kwa biskuti hiyo ili lipendeze. Jiwe limeondolewa, mtoto aone ndani, aone hamna kitu. Wala usiumbe mtu wa kulala humo.

Usichomeke vijiti vya meno, shanga, waya wala pini ndani ya chochote kitakacholiwa. Usipambe kwa majani na maua ya porini usiyoyajua.

Karanga

Chambua karanga juani, si kwenye mwanga wa taa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu au yenye uchungu, tupa, na kuku usimpe. Sumukuvu haiishi kwa kukaangwa, kwa hiyo usijifariji kwamba utazikaanga sana. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Ukinunua siagi ya karanga ya kusagwa mtaani, uliza ilisagwa lini na karanga zilichambuliwa na nani. Asiyejibu, usinunue.

Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima wala bisi. Zinakwama kooni. Mtengenezee tonge laini lisilo na kitu kigumu, liwe dogo, na ale akiwa ameketi, si akikimbia uwanjani kwa kanisa. Mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, hata ya kulambishwa kidole. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na la mtoto mchanga haliwezi. Kabla ya kugawa uliza wazazi, kwa sauti, mbele ya wote: nani mtoto wake huvimba au hubanwa pumzi akila karanga? Bila jibu usigawe.

Kugandisha

Usitegemee friji. Umeme hukatika. Huku juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, usiku wa mvua una ubaridi wa kutosha. Panga vitafunwa kwenye sinia, weka sinia juu ya sufuria iliyogeuzwa kifudifudi ndani ya beseni pana la maji baridi, funika kwa kawa. Maji hupoza, na sisimizi hawavuki. Usimpe mwenzako wa Ujiji maelekezo haya bila kumtahadharisha: kule ziwani, mita zipatazo 770 tu, joto ni jingine na chokoleti itabaki uji hadi asubuhi.

Anza Jumamosi Kuu asubuhi. Ijumaa Kuu usitengeneze na usiwaonjeshe watoto. Siku hiyo ina kazi yake. Vilivyochanganywa na maziwa viliwe Jumapili ile ile. Vingine visivuke Jumatatu ya Pasaka.

Kufunga na kugawa

Usifunge kwa gazeti. Wino wake huhamia kwenye chakula. Usitafute mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Karatasi ya kaki inafaa, na jani la mgomba lililobabuliwa kidogo kwenye moto na kupanguswa linafaa zaidi.

Hesabu watoto kabla ya kununua biskuti, wala si baada ya kutengeneza. Kisha ongeza, kwa sababu watakuja ambao hawakuhesabiwa. Wilaya za Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, zina vijiji vyenye watoto wengi kuliko viti vya kanisa, na mtoto anayesimama mlangoni akitazama wenzake wakila hafundishwi lolote kuhusu Ufufuko. Vikipungua, kata vipande vidogo mbele yao wote. Usiwape kwanza watoto wa wazee wa kanisa. Usimwambie mtoto yeyote kwamba mzazi wake hakuchangia.

Majirani Waislamu wakumbuke mapema, si kwa mabaki. Usitie pombe wala vikolezo vyenye pombe, na epuka peremende laini zenye jelatini isiyojulikana imetokana na mnyama gani. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31, ndani ya Ramadhani. Ikitokea tena hivyo, funga vya nyumba hiyo kando, mpe mama mwenye nyumba mkononi, naye ataamua viliwe saa ya futari.

Aliye mdogo kuliko wote apokee wa kwanza, na mikono yake inawishwe pale pale kabla hajapokea. Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na meza ya kugawia, na mtu mzima mmoja asimame hapo hadi mtoto wa mwisho apite.