SOMO LA WANACHAMA: UGONJWA, SHULE NA KAHAWA ILIYO MTINI



Wako wanaodhani kwamba shule, hospitali na ulinzi ni mambo ya Serikali peke yake, na kwamba kazi ya chama huanzia na kuishia kwenye mizani. Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kuwa sivyo.

Historia kwa ufupi

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Wananchi walijitolea kujenga madarasa. Uchumi ulipozorota, sehemu ya mzigo ilimrudia mwananchi: mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Kwa upande wa afya, Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ilitungwa mwaka 2001, na ile ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Hata hivyo ada si gharama yote. Sare, madaftari na nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini hubaki kwa mzazi.

Chama kinahusikaje?

Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, lakini ugonjwa haungoji msimu. Mtoto akiugua wakati wa mvua, kahawa ikiwa bado changa, mzazi humwendea mnunuzi wa magoma na kuuza mazao yaliyo mtini kwa bei ya kutupa. Hapo mwanachama hupoteza jasho lake, chama hupoteza kilo, na mkopo wa pembejeo haulipiki.

Mambo ya kuzingatia

(a) Makato. Katibu asimkate mwanachama mchango wa shule au zahanati pasipo azimio la Mkutano Mkuu lililoandikwa katika kumbukumbu. Tuseme makato ni shilingi 50 kwa kilo. Mwenye kilo 1,000 atalipa 50,000, na mwenye kilo 100 atalipa 5,000. Aliyeuza kwa magoma hatalipa kitu, ingawa watoto wao huketi dawati moja. Hivyo tunamwadhibu mwaminifu na kumfundisha kukwepa mizani. Mchango wa shule uamuliwe na mkutano wa kijiji, ambako wote wanahusika. Chama kikitaka kusaidia, kitoe katika ziada iliyoidhinishwa.

(b) Bima. Mwanachama anayekubali kwa saini yake akatwe wakati wa malipo, na fedha zipelekwe kabla mvua hazijaanza. Fedha hizo ziwe na leja yake na stakabadhi, wala zisiazimwe kwa matumizi mengine.

(c) Usalama. Sisi wa Ngumbo na mwambao wote tu watu wa mpakani: kusini iko Msumbiji, na ng'ambo ya Ziwa iko Malawi. Mnunuzi asiyejulikana, anayepakia mazao usiku, ni hasara kwa chama na ni mashaka kwa kijiji. Taarifa zake zipelekwe Serikali ya Kijiji mapema.

Maswali ya majadiliano

1. Msimu uliopita, ni wanachama wangapi wa chama chenu waliouza kwa magoma, na ni shida gani iliyowasukuma?
2. Je, makato yote mnayokata yana azimio la Mkutano Mkuu?
3. Mwanachama akiuguliwa mwezi Februari, chama chenu kina msaada gani wa kumpa?

Katibu asomapo somo hili mkutanoni, aandike majibu. Mkaguzi atakapofika atayaomba pamoja na leja.