SOMO LA 12: TUKALIONE JIWE LA BISMARCK

Watu wa Shinyanga na Geita huenda Mwanza kwa shughuli nyingi. Wengine hupeleka mgonjwa hospitali ya Bugando. Wengine hununua vitu vya duka au huwatembelea watoto wao. Wengi hurudi nyumbani bila kuliona jiwe ambalo picha yake inajulikana nchi nzima. Wengine wangependa kuliona, lakini wanaogopa kulala mjini. Wamesikia kwamba mgeni huibiwa au hudaiwa fedha nyingi. Katika somo hili tutajifunza habari za jiwe hilo. Pia tutajifunza jinsi ya kupata mahali pazuri pa kulala.

Jiwe lenyewe

Jiwe la Bismarck lipo ndani ya Ziwa Viktoria, karibu sana na ufuko, jirani na gati la kivuko cha Kamanga. Ni mawe makubwa yaliyopandana. Lile la juu limekaa kana kwamba litaanguka, lakini halianguki.

Mawe hayo ni ya aina ngumu iitwayo itale. Yalitokea chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 2,000 iliyopita. Kwa muda mrefu mvua na upepo viliondoa udongo uliokuwa juu yake. Udongo ukaisha, mawe yakabaki. Ndiyo sababu Mwanza ina mawe mengi juu ya vilima, na watu huiita Jiji la Miamba.

Jina la jiwe lilitoka kwa Wajerumani. Walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Otto von Bismarck alikuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani kuanzia mwaka 1871 hadi 1890. Yeye ndiye aliyeita mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885. Katika mkutano huo nchi za Ulaya zilipatana jinsi ya kujigawia Afrika. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Bismarck mwenyewe hakufika Mwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliwafukuza Wajerumani kutoka Mwanza, lakini jina lilibaki.

Njia ya kwenda

Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kama kilomita 160 kwa barabara. Basi hupita Maganzo na Misungwi. Reli pia ipo. Ilifika Mwanza mwaka 1928.

Kutoka Geita, basi hupita Sengerema na kuvuka ziwa kwa daraja la Kigongo hadi Busisi. Daraja hilo lina urefu wa kilomita 3. Lilifunguliwa mwaka 2025. Kabla ya hapo magari yalisubiri kivuko, na mgonjwa alisubiri pamoja nayo. Barabara ya Geita na ile ya Shinyanga hukutana Usagara.

Ukishuka stendi ya Nyegezi, panda daladala ya kwenda mjini. Mwambie kondakta unakwenda Kamanga, kwenye kivuko. Ukifika ufukoni utaliona jiwe.

Liangalie ukiwa nchi kavu. Usiingie majini kuoga wala kunawa miguu. Kandokando ya ziwa kuna konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi.

Mahali pa kulala

Hoteli za bei kubwa zipo Capri Point, kando ya ziwa. Nyumba za wageni za bei nafuu zipo katikati ya mji na mitaa kama Kirumba. Tafuta chumba mapema, kabla ya jua kuzama. Anayetafuta chumba usiku akiwa na mzigo hana nafasi ya kuchagua.

Usimfuate mtu usiyemjua anayekuambia stendi kwamba atakupeleka kwenye chumba cha bei rahisi. Nenda mwenyewe, au muulize mwenye duka. Soma kibao mlangoni. Ingia, uliza bei, kisha ukague chumba kabla ya kulipa.

Sasa someni mazungumzo haya wawili wawili.

MGENI: Hodi!
MHUDUMU: Karibu, baba. Shikamoo.
MGENI: Marahaba, mwanangu. Vyumba vipo?
MHUDUMU: Vipo, baba. Kuna vyenye choo cha ndani na vya choo cha nje.
MGENI: Bei gani kwa usiku mmoja?
MHUDUMU: Cha ndani elfu ishirini na tano. Cha nje elfu kumi na tano.
MGENI: Na chai ya asubuhi imo?
MHUDUMU: Haimo, baba. Chai ni mbali.
MGENI: Nionyeshe hicho cha elfu kumi na tano. Nataka nione kitasa na chandarua.
MHUDUMU: Twende, baba.
MGENI: Kinafaa. Nitalala siku mbili. Nikilipa utaniandikia risiti?
MHUDUMU: Nitaandika. Kwanza jaza kitabu cha wageni.

Kitabu cha wageni huuliza jina lako, unakotoka, unakokwenda, kazi yako na namba ya kitambulisho. Mwisho unatia sahihi. Asiyejua kuandika hujaziwa na mtu mwingine, na hajui kilichoandikwa. Wewe jaza mwenyewe. Ukipewa risiti, isome kabla ya kuondoka mezani. Tazama kiasi cha fedha, tarehe na idadi ya siku. Mtu akija kukudai mara ya pili, risiti ndiyo shahidi wako.

Saa za kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukutani mwa chumba huandikwa muda wa kutoka. Tuseme imeandikwa 10:00. Hiyo ni saa 4 asubuhi, siyo saa 10 jioni. Ukichelewa unaweza kudaiwa fedha ya siku nyingine.

Tiketi ya basi nayo huweza kuandikwa 06:00. Maana yake ni saa 12 asubuhi. Anayedhani ni saa 6 mchana atakuta basi limeondoka, na nauli yake imepotea. Jifunzeni mifano hii:

06:00 ni saa 12 asubuhi
10:00 ni saa 4 asubuhi
13:00 ni saa 7 mchana
20:00 ni saa 2 usiku

Tiketi nyingine huandikwa kwa saa zetu za Kiswahili. Kwa hiyo usiposoma neno "asubuhi" au "mchana", muulize mkatisha tiketi.

Mambo ya kukumbuka

1. Beba kitambulisho chako.
2. Gawa fedha zako. Usiziweke zote mfuko mmoja.
3. Andika kwenye karatasi jina la nyumba uliyolala na mtaa wake. Ukipotea, karatasi hiyo itakurudisha.
4. Mwachie mtu wa nyumbani taarifa ya mahali ulipo.

Maswali

1. Jiwe la Bismarck lipo wapi?
2. Kwa nini mawe ya Mwanza yalibaki juu ya ardhi?
3. Kwa nini tusiingie majini ufukoni?
4. Taja mambo matatu ya kutazama kwenye risiti.
5. Tiketi imeandikwa 07:00. Utafika stendi saa ngapi?

Hesabu

Mkulima wa pamba ana shilingi 120,000. Analipa chumba 15,000 kwa usiku mmoja, naye analala siku mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ni 30,000. Chakula ni 10,000 kwa siku, kwa siku tatu. Atabakiwa na shilingi ngapi? (Bei hizi ni za mfano.)

Kuandika

Chora kurasa ya kitabu cha wageni katika daftari lako. Ijaze kwa jina lako, kisha utie sahihi.

Majadiliano

Jiwe lilikuwapo kabla ya Bismarck kuzaliwa. Je, jina hilo libaki au libadilishwe? Kila mmoja atoe sababu zake.