Baipasi za Nairobi na Nyumba Zizifuatazo

Katika somo la Jiografia tumefundishwa kwamba mji hufuata barabara. Nimeona vyema niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jambo hili kwa mfano wa barabara zinazouzunguka mji wa Nairobi, ambazo watu huziita baipasi.

Barabara ya namna hii hujengwa ili gari lisilo na shughuli mjini lisiingie mjini. Zamani lori lililotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda lilikuwa halina budi kupita katikati ya Nairobi, pamoja na mabasi na motokaa za watu waendao kazini. Ardhi ya baipasi ilitengwa miaka ya 1970, lakini ujenzi ulikawia, na ardhi iliyo wazi karibu na mji haikosi mtu wa kuikalia. Basi mwaka 2004, Bw. Raila Odinga alipokuwa Waziri wa Barabara, majengo yaliyokuwa juu ya njia hizo yalibomolewa, na watu wengi wa Kibera wakabaki bila makao.

Baipasi ya Mashariki huanza Barabara ya Mombasa, karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikapita Embakasi na Utawala hata Ruiru. Huko ni tambarare ya udongo mweusi uvimbao wakati wa mvua, na nyumba hazikuwa nyingi. Barabara ilipopita, kiwanja kilichokuwa mbali kikawa karibu. Mwenye shamba aliuza, mnunuzi akajenga, mwenye duka akamfuata, matatu zikasimama mbele ya duka, na lori lililokusudiwa kupita mbio likawa linangoja matatu. Pale Kamakis watu husimama kula nyama choma, jambo ambalo sidhani mhandisi aliliandika katika ramani yake! Mwaka 2021 serikali ilianza kuipanua, kutoka njia moja kila upande ziwe mbili. Lakini upana huo humzidishia taabu mtu wa miguu, kwa maana nyumba yake iko upande huu na duka liko upande wa pili.

Baipasi ya Kusini ni yapata kilomita 29, kutoka Barabara ya Mombasa mpaka Kikuyu, nayo ilimalizika mwaka 2016. Hupita ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kisha Kibera na msitu wa Ngong. Wapenzi wa wanyama walishtaki ili ardhi ya mbuga isiguswe, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Hata hivyo angalieni ajabu yake: penye mbuga na msitu hakuna ruhusa ya kujenga, kwa hiyo hapo ndipo malori hupita bila kuzuiwa na maduka wala vituo vya matatu. Mbuga iliyonyang'anywa ardhi ndiyo inayoilinda barabara.

Baipasi ya Magharibi, yapata kilomita 17 kutoka Gitaru mpaka Ruaka, ilifunguliwa mwaka 2022. Hukata matuta na mabonde ya Kiambu, penye mashamba madogo ya watu, wala haina mbuga kando yake. Zimejengwa barabara ndogo pembeni kwa ajili ya wenyeji. Zitafaa ikiwa kila mwenye kiwanja atakatazwa kufungua lango lake moja kwa moja kwenye barabara kuu, na huko Ruaka majumba ya ghorofa yamekwisha kusimama.