SOMO LA KOMPYUTA: BURE NA HURU SI NENO MOJA

Mu kalasi yetu kuko shauri tangu majuma matatu, na tumeona vema tulilete hapa mbele ya wote, kwani linamgusa kila mtu anayeingia mu chumba cha kompyuta.

Mnajua hali ya mashini zetu nane. Zote ziko na Windows 10, na ile Windows hakuna aliyeinunua. Tuliinakili ku flashi toka kijumba kimoja cha mjini, ufunguo wake ulikuwa umekwisha kuvunjwa na mtu tusiyemjua. Pamoja nayo tukajiletea virusi, na virusi ikala kazi za wakubwa wa mwaka wa sita juma moja mbele ya mitihani. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inakataa mashini za kizee kama zetu. Mwalimu akasema: Basi, tuweke sistemu huru. Wengi tukashangilia: Ndiyo, juu ni ya bure! Hapo akatusimamisha.

Je, bure na huru ni kitu kimoja? Apana. Waingereza wako na neno moja tu kwa yote mawili, ndiyo maana hawaishi kujieleza. Sisi tuko na mawili, na mu Kifaransa tunasoma gratuit na libre. Ile Windows ya flashi hatukuilipia hata franka moja, lakini haikuwa huru hata kidogo. (Na amri ya nane tunaijua wote, tusijifanye.)

Programu huru ni nini basi? Tarehe 27 Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza kwamba ataanza kutengeneza sistemu nzima, jina lake GNU, ambayo mwenye kuitumia hatafungwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini kinachoitwa Linux, na vitu hivi viwili vikaunganishwa. Stallman anahesabu uhuru wa namna nne: kutumia programu kwa kazi yoyote, kuchungua inavyofanya kazi na kuigeuza, kumpa jirani, na kutoa kwa watu ile uliyogeuza wewe mwenyewe. Ule wa kuchungua unaomba kitu kimoja: upewe maandiko ya programu, yale fundi aliyoyaandika kwa mkono wake. Mama akikupa sombe bila kukulipisha, lakini akakukataza kujua aliweka nini mu chungu, umekula bure. Kupika yako huwezi.

Na uhuru huu umekwisha kufika karibu na sisi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mu kazi iliyoitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanya hesabu, ikiwa mu Kiswahili. Hawakuenda kuomba ruhusa kwa mtu, kwani lisansi ilikwisha kuwapa. Kiswahili chake ni cha Dar, sawa. Lakini kama tunataka maneno ya Bukavu, lisansi ileile inaturuhusu sisi pia kuyageuza.

Sasa shauri lenyewe. Tulichagua Debian, sistemu iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Lakini vifaa vingi vya wifi haviamki mpaka vipewe programu ndogo ya kuviamsha, na programu hiyo imefungwa: kampuni iliyotengeneza kifaa haionyeshi maandiko yake. Bila hiyo, wifi inakaa kimya. Je, tuiweke?

Wenyewe Debian walishindana juu ya jambo hilo miaka mingi. Tangu 1997 wako na mapatano na watu yanayosema sistemu yao itabaki huru kabisa. Lakini mapatano yaleyale yanasema pia kwamba watatanguliza mahitaji ya watumiaji. Utafanya namna gani yote mawili yakigombana? Zamani disiki yao rasmi haikuwa na vipande vilivyofungwa. Disiki ingine yenye navyo ilikuwako, lakini mahali pake mgeni hakupaona kwa urahisi. Mwaka 2022 wakapiga kura: disiki iwe moja, ivibebe, imwambie mtu ni vipi vimewekwa, na anayekataa aweze kukataa. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya kwanza kutoka namna hiyo. Shirika la Stallman halikubali. Debian haimo mu orodha ya sistemu wanazozisifu. Wao wanasifu kama vile Trisquel, isiyo na vipande hivyo.

Kwetu wamoja walisema: wifi isipoenda, mwanafunzi atarudi ku Windows ya wizi, na uhuru utamsaidia nini? Wengine: ukimwekea mtu kitu kilichofungwa na hajui, umemdanganya. Wote wako na haki kidogo. Sisi tunaoandika tunaona kosa liko mu kule kunyamaza. Vifaa vingine vinakuja na programu iliyofungwa tayari ndani yao toka kiwandani, hatuioni, na kukataa ile ya disiki hakuiondoi. Lakini mtu aliyeambiwa anaweza kutafuta kifaa kingine siku akipata feza. Asiyeambiwa atatafuta nini?

Kuko neno moja lililotusumbua zaidi, na lilitoka kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Alituuliza: Bakubwa, munasema mutumiaji achague, lakini ninyi ndio munachagua, sisi tutakuta imekwisha. Hatukuwa na jibu la haraka.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Jumamosi hii, kama umeme utakuwako, tutaweka Debian ku mashini zote nane. Saba tutazipa kile kipande cha wifi, na ku kila moja tutabandika karatasi yenye jina la kipande na la kampuni yake. Ya nane, ile ya karibu na dirisha, hatutaipa, itatumia kamba. Kila mmoja akae kwanza ku hiyo, halafu ku zingine, na kisha atuandikie mu kisanduku cha gazeti anataka ipi. Majibu ya mwaka wa kwanza tutayasoma mbele ya mengine.