Kutafsiri «kijani»: somo kutoka maabara ya chakula

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kifaransa «éco-extraction» atafanya nini? Kiingereza nacho hulitaja jambo hilohilo kwa jina la rangi ya majani. Wengi wetu tutaandika upesi «utoaji wa kijani». Lakini msomaji wa Lubumbashi au Bukavu atajiuliza: ni habari ya rangi, au ya kitu kibichi? Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba neno hili halitafsiriki vema mpaka mtafsiri ajue kazi yenyewe inavyofanyika.

1. Kazi yenyewe

Kuzidua ni kutoa ndani ya mmea kitu kinachotakiwa: mafuta, harufu, rangi au dawa. Njia ni nyingi, na Kiswahili kina vitenzi vyake: kukamua, kuloweka, kuchuja, na kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke uliopoa. Viwanda vingi vya mafuta ya soya hutumia heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli, ambacho huchemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selisiasi. Heksani hutoa karibu mafuta yote, lakini huwaka upesi, na mvuke wake hudhuru neva za mfanyakazi anayeuvuta muda mrefu.

Farid Chemat, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Avignon, Ufaransa, ni mmoja wa waliotafuta njia nyingine. Mwaka 2004, yeye na wenzake walichapisha jaribio juu ya mrehani, mnanaa na zaatari. Hawakuongeza maji wala kiyeyushi. Mawimbi ya mikroonde yalipasha moto maji yaliyomo ndani ya majani mabichi. Vifuko vya mafuta vikapasuka, mvuke ukabeba harufu. Dakika 30 zilitosha, mahali ambapo kukeneka kwa maji kulihitaji saa 4 na nusu.

Mwaka 2012, Chemat, Maryline Abert Vian na Giancarlo Cravotto walitoa kanuni sita za kazi hii. Kwa ufupi: kuchagua mimea inayoweza kupandwa tena, kutumia viyeyushi mbadala, hasa maji au vile vitokanavyo na mazao, kupunguza nishati, kugeuza mabaki kuwa bidhaa, kupunguza hatua za kazi na kuifanya iwe salama, na kupata zao lisiloharibika wala kuchafuliwa.

2. Mtego wa neno «asili»

Tuangalie kanuni hizo tena. Hakuna inayosema «bila kemikali». Maji yenyewe ni kemikali, tena ni kiyeyushi. Kwa hiyo anayetafsiri kwa «njia ya asili» amebadilisha maana.

Mfano uko kwetu. Mama anayetengeneza mawese huchemsha ngazi, huzitwanga, huzikamua, kisha huchemsha mafuta tena ili maji yaishe. Hatumii heksani hata tone. Je, kazi yake ni «kijani»? Kwa kanuni ya kiyeyushi, ndiyo. Kwa kanuni ya nishati, tuhesabu kwanza kuni zilizokatwa na saa zilizopita jikoni. Akichoma nyuzi na maganda ya ngazi badala ya kuni, amekaribia kanuni ya tatu na ya nne. Njia ya zamani haihukumiwi kwa uzamani wake, wala mashine kwa upya wake. Kila moja hupimwa.

3. Pendekezo

Tunapendekeza «uziduaji unaotunza mazingira». Ni neno refu, lakini linataja lengo, si rangi. «Uziduaji wa kijani» linaweza kubaki kama jina fupi, mradi lifafanuliwe mara ya kwanza linapotumika. «Uziduaji wa asili» liachwe: likiandikwa kwenye chupa ya mafuta, mnunuzi ataamini jambo ambalo mtafiti hakulisema.

Zoezi: Eleza kwa Kiswahili, katika sentensi tano, jinsi mafuta yanavyotolewa kijijini kwenu. Kila hatua ipe kitenzi chake, kisha onyesha ni kanuni ipi kati ya sita inayotimizwa na ipi inayokosekana. Usitumie neno «kijani» wala «asili». Ukiweza kufanya hivyo, umeielewa kazi, na sasa unaweza kuitafsiri.